Mama Spea na Gari Lililonyamaza

Mama Spea hakuwahi kupanda gari akiwa na ndala miguuni. Liwe pikapu lililojaa magunia ya mahindi, liwe gari la mkubwa fulani lenye viti vya ngozi, yeye alisimama mlangoni, akavua ndala, akazikung'uta, kisha akapanda akiwa amezipakata mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Korogwe tulimcheka sana kwa hilo. Wengine walisema ni ushamba wa milimani, wengine wakasema ni heshima iliyopitiliza, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa upande wa waliocheka. Kisha mchana mmoja binti yangu akalala kwenye kiti cha nyuma cha gari langu akiwa na uchungu wa uzazi, na ile miguu mitupu ndiyo iliyomwokoa. Aliyekuwa akiibishia ni mimi mama yake, kwa hiyo sina budi kueleza.

Duka lake la spea lilikuwa mtaa wa pili kutoka stendi ya mabasi. Maduka yote ya upande ule yaliweka spika mlangoni, kila moja likishindana na jirani yake, lakini la Mama Spea halikuwa hata na redio. Mteja akianza kueleza shida yake, mama alizima kwanza feni, hata kama joto lilikuwa la kukausha samaki. "Sema ukinitazama," alisema. Ukiongea huku umeinamia simu hakujibu kitu, akawa anapanga beringi zake kana kwamba hujaingia. Tulidhani ni ukali tu. Mimi niliyemzoea nilijifunza kusimama panapoingia mwanga, uso juu, kama mwanafunzi anayesikilizwa aya.

Hakuuza spea mpya kwa mtu ambaye hakuja na ile iliyokufa. "Nionyeshe maiti," alikuwa akisema, na ukiwa huna maiti alitoka mwenyewe kwenda kulisikiliza gari lako. Hapo ndipo ndala zilipovuliwa. Alikaa kiti cha nyuma, akafumba macho, akakuamuru: washa, kanyaga, achia, zima, washa tena. Mfanyabiashara mmoja wa Mkumbara alikuja na lori lake akitaka nozeli za kupulizia mafuta, na fundi wake alishamhakikishia kwamba nozeli zimekwisha. Mama Spea alikaa ndani ya lori lile muda wa kunywa kikombe cha chai. Alipotoka akamwambia, "Nozeli zako nzima. Zilizokufa ni raba za kukalia injini, na mimi sina, kaulize kwa mwenzangu ng'ambo." Yule baba aliondoka amevimba, akisema mama anafukuza riziki yake mwenyewe. Baada ya wiki moja alirudi na tenga la nyanya, akaliweka mlangoni.

Na huyo ndiye mtu ambaye hakujua kuendesha gari. Hakuwahi kushika usukani wala hakutaka. Nilipomwambia nitamfundisha bure alinijibu kwamba akishika usukani atakuwa na kazi mbili, na hiyo moja tu inamtosha.

Jambo lingine lililotushangaza ni kwaya. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, na alipotea kuliko wote. Mimi ni Mwislamu, sikuwahi kuingia, lakini nikipita barabarani nilijua kama Mama Spea yumo ndani ama amekwenda milimani kusalimia. Mwalimu wa kwaya alimpanga mwishoni mwa mstari, karibu na dirisha, ili nusu ya sauti itoke nje. Siku moja nilimchokoza. "Mama, unaweza kutambua plagi moja iliyochoka kati ya sita. Wimbo unakushinda wapi?"

"Wimbo hauna bolti," alisema, akaendelea kufuta kaunta.

Tuligombana kwa sababu ya injini. Wakati ule nilikuwa na magari mawili ya kukodisha, yote ya dizeli, yote ya kelele, na wateja wangu walikuwa wameanza kuwa wengine. Walikuja wageni wa miradi, wakaja maharusi wenye nafasi, wakaja mabosi wanaotoka Dar kwenda Handeni huku wakifanya mkutano kwa simu njia nzima. Mmoja aliniambia wazi kwamba gari langu linamfanya apige kelele kama mpiga debe. Nikaamua kununua gari moja la hadhi, kubwa, la juu, la kunitoa kwenye kundi. Wakala aliniambia lipo la aina tatu: la dizeli, la petroli, na la petroli lenye betri linaloweza kuondoka kimyakimya kabisa. Nikaenda kwa Mama Spea, kama ambavyo kila mtu alikwenda.

"Chukua dizeli," alisema kabla sijamaliza.

"Dizeli inanguruma, Mama. Wageni wangu wanataka kimya."

"Kimya wakakitafute makaburini."

"Hili la petroli lina vioo vya tabaka mbili. Kuna godoro chini ya boneti, milango ina mipira minene. Ukifunga, husikii hata honi ya basi."

"Na injini utaisikia?"

"Niisikie ya nini? Si ndiyo sifa yake?"

Alinitazama mdomoni kwa muda mrefu. "Likiugua litakwambiaje?"

"Litawasha taa."

"Taa," alisema, na alilitamka neno lile kama mtu anayetaja ahadi ya mlevi.

Nilinunua la petroli. Siku lilipofika nililipeleka hadi mlangoni pake, likiwa linang'aa, nikaliacha linaunguruma, kama kuunguruma ndiyo neno lenyewe, kwa maana mpita njia mmoja alisimama mbele ya boneti kufunga kamba ya kiatu bila kujua kwamba injini iko hai. Mama Spea hakutoka. Aliliangalia kupitia dirisha la duka, akaniambia hongera, akarudi kwenye beringi zake. Niliumia kuliko nilivyotaka aone. Tangu siku ile tulisalimiana kama watu wanaogombania mpaka wa shamba, na hali hiyo ilikaribia miaka miwili.

Na gari lenyewe lilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Siku ya kwanza niliyokwenda nalo Handeni nilisikia bangili zangu zikigongana mkononi. Mvua ikinyesha juu yake ilikuwa kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu. Abiria wakishafunga milango walishusha sauti wenyewe, kama walioingia msibani, na kwa sababu hiyo nilisikia siri ambazo sitazisema. Bosi mmoja alilala kutoka Handeni, alipoamka Korogwe akaniuliza kwa nini bado hatujaondoka. Maneno hayo niliyapeleka kila kibanda cha mjini ili yamfikie Mama Spea. Yalimfika.

Basi, siku yenyewe. Binti yangu ameolewa Kwedizinga. Mume wake alikuwa safarini, kwa hiyo aliyenipigia simu ni mkwe wangu, baba wa huyo mume, mzee mstaarabu mwenye mashine ya kusaga. Aliniambia uchungu umeanza tangu asubuhi, zahanati wamempima, mtoto amekaa vibaya, wanasema awahishwe hospitali kubwa Korogwe. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. "Ukiweza kuja, mkwe, njoo sasa hivi," alisema, na mzee yule hakuwa mtu wa kusema sasa hivi.

Nilihitaji mwanamke wa kumshika binti yangu huko nyuma. Dada zangu wote walikuwa shambani. Nilipokuwa natoka mjini nikapita mbele ya duka la spea, na mguu wangu ukakanyaga breki kabla ya kichwa kukubali.

"Shikamoo, Mama. Mwanangu yuko Kwedizinga, amekwama na uzazi. Siwezi peke yangu."

Hakuniuliza swali. Alifunga duka kwa kufuli, akaja, akasimama mlangoni mwa gari alilolisusa miaka miwili, akavua ndala. Akazikung'uta. Nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu mpaka vidole vinauma, na nusura nimpigie kelele hapohapo.

Kwedizinga tulimkuta binti amelala kwenye mkeka, uso umebadilika rangi. Wanawake walimfunga kanga, wakamkalisha, uchungu ukamkamata, wakamlaza tena. Tulipomtoa nje hatimaye, nilimkuta mkwe wangu nyuma ya gari anakaza mfuniko wa tangi. Miguuni pake kulikuwa na dumu tupu na mpira wa kumiminia.

"Nimekuongezea mafuta kidogo, mkwe," alisema kwa upole. "Msije mkakwama njiani."

Naomba nieleweke hapa. Swali lilinijia. Lilinijia kabisa, likafika kwenye ulimi: mafuta gani? Lakini huyu ni mkwe. Kwetu mkwe akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na kushukuru, humuulizi ameweka nini. Ningemuuliza, ingekuwa kama kumwambia mbele ya wake zake na majirani kwamba hajui anachofanya, na binti yangu angeishi na aibu hiyo ndani ya nyumba ile. Mzee alikuwa amemimina akiba ya mashine yake kwa ajili ya mjukuu. Nikameza swali. "Ahsante sana, mkwe, Mwenyezi Mungu akulipe," nikasema, nikawasha gari.

Njia ya vumbi kutoka kule si ndefu, lakini siku ile ilikuwa haiishi. Nilifunga vioo vyote kwa sababu ya vumbi. Ndani kukawa kimya, na kimya kile nilichokisifia miaka miwili kikaanza kunitesa, kwa sababu kilinipa kila kitu cha binti yangu: pumzi, meno yakisagana, na lile neno alilorudia kwa sauti ndogo, mama, mama, mama. Mama Spea alikuwa amempakata kichwa. Ndala zilikuwa zimeangukia chini ya kiti na nyayo zake zote mbili zilikuwa juu ya zulia.

"Simamisha," alisema.

"Mama?"

"Simamisha gari. Injini inagonga."

Nikatega sikio. Hakuna kitu. Nikaangalia dashibodi, hakuna taa hata moja. Nikainua uso kwenye kioo cha kati, alikokuwa akinitazama. "Ni barabara, Mama. Mashimo."

"Mashimo nayajua. Hii ni injini."

Binti alipiga ukelele, nami nikaongeza mwendo. Gari lilivuta kwa uzito kidogo, nikajiambia ni mlima.

"Hapo mbele pana senta," Mama Spea alisema. "Simama hapo penye watu. Baada ya hapo hadi lami ni pori tupu."

"Siwezi kusimama, mwanangu anakufa."

"Ndiyo maana nakwambia usimame."

Sijawahi kumpandishia sauti mtu wa umri ule, ila siku ile nilimpandishia. "Mama, gari hili hulijui! Hujawahi kukaa ndani yake hata siku moja!"

Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha dirisha, kioo kikashuka. Vumbi liliingia, na pamoja na vumbi ikaingia sauti, ko-ko-ko-ko, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Hapo ndipo ile taa niliyoisifia ikawaka. Vibanda vya senta vilikuwa vimeshaonekana, nikalisukuma gari hadi mbele ya kibanda cha chipsi, likatetemeka, likatoa moshi mweupe, likafa lenyewe. Nilijaribu kuliwasha. Sikuwa na haja ya kujaribu mara ya pili, lakini nilijaribu mara nne, huku nikilia.

Mama Spea alikuwa ameshateremka, miguu mitupu kwenye mchanga wa moto. Palikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli inapakia mkaa, injini inawaka, inanguruma hadi bati za vibanda zinacheza. Mwenye pikapu alimtambua. "Mama Spea? Wewe huku?"

"Shusha mkaa," alimwambia. "Kuna mzazi. Mpeleke Korogwe, usizime hii injini mpaka mlango wa hospitali."

Magunia yaliruka chini. Watu ambao siwajui walimbeba binti yangu na godoro la mwenye kibanda. Nilipogeuka kumwita Mama Spea apande, alikuwa ameegemea boneti ya gari langu. "Nendeni," alisema. "Mimi nabaki na mgonjwa wangu."

Nyuma ya pikapu ile sikusikia kitu hadi Korogwe. Nilimwona binti yangu anafungua mdomo, sikusikia sauti yake. Sikujisikia mimi mwenyewe nikiomba dua. Ila kelele zile nilizishika kama mtu anavyoshika kamba, nikijua kwamba zikiendelea tunaendelea. Tulifika, wakampokea, wakampasua. Mtoto wa kike, na mama yake mzima. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine.

Mama Spea alilivutisha gari hadi mjini kwa trekta la mtu. Alichovya ujiti kwenye tangi, akaunusa, akajua kila kitu. Dizeli. Kwedizinga magari yote makubwa yanayofika ni ya serikali na ya miradi, na yote ni ya dizeli. Mkwe wangu angefikiriaje kwamba dude kubwa kama lile linakunywa petroli kama bodaboda? Tangi likamwagwa, likasafishwa, plagi zikabadilishwa. Mafundi walipouliza, aliwaambia ni mafuta machafu ya njiani. Hadi leo mkwe wangu anasimulia jinsi dumu lake lilivyomfikisha mjukuu hospitalini, nami nakaa mbele yake naitikia.

Nilikwenda dukani na kitenge cha kumshukuru. Alizima feni. Nilimuuliza alisikiaje wakati mimi niliyekaa mbele sikusikia.

"Sikusikia," alisema. Alikikunja kitenge upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa vizuri. "Masikio yangu yalikufa zamani, sikio la kushoto kwanza. Wewe nakusoma mdomo. Magari nayasikiliza kwa nyayo."

Nilikaa kwenye kreti la soda. Sema ukinitazama. Kwaya. Ndala. Nilijisikia mjinga kwa kila kicheko nilichowahi kumcheka.

"Na lingine nikwambie," aliendelea, sasa akiangalia beringi, si mimi. "Nilipokuambia ununue dizeli, nilisema kwa ajili yangu. Dizeli inanifika hadi magotini. Hayo ya kimya nilijua yakijaa mjini nitaonekana sijui kitu. Gari lako ni zuri. Wala hukukosea."

Nilitakiwa kukasirika. Miaka miwili ya kununiana, kumbe mtu alikuwa anaogopa. Nilicheka, naye akacheka, halafu mmoja wetu akaanza kulia na sitasema ni nani.

Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani kumpeleka kliniki. Duka amelifunga. Sukari imemkamata vibaya. Anatembea kwa kushika ukuta, na analalamikia ganzi ya miguu, nami niliichukulia kama ganzi ya kila mzee. Mjukuu wangu, ambaye sasa anakimbia, alitangulia kupanda. Mama Spea akasimama mlangoni, akainama kwa taabu, akavua ndala, akazikung'uta. Safari hii sikuwa na haraka. Alikaa kiti cha mbele, akazipakata, akapanga nyayo zake juu ya zulia, akafumba macho.

"Haya, tulisikilize kidogo," alisema.

Nilibonyeza kitufe. Injini iliamka, mishale ya dashibodi ikapanda na kutulia mahali pake. Nikangoja aniambie nikanyage, niachie, kama zamani. Alikaa vilevile, uso mtulivu. Mjukuu alikuwa anachora kioo kwa kidole. Nilingoja mpaka nikaanza kuogopa.

Alifumbua macho, akanigeukia. "Washa basi. Unangoja nini?"

Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imekaa imara pale juu ya zulia, vidole vimetanuliwa, kama ilivyokaa siku ile. Nikamgeuzia uso ili anisome vizuri.

"Nilijisahau, Mama. Nawasha sasa hivi."

Nikashusha vioo vyote vinne, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale ulipanda, gari likatetemeka mpaka viti, kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba, jirani akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Mjukuu alijiziba masikio. Mama Spea alifumba macho tena, na polepole nikaona kitu kinamfika, sijui kwenye magoti, sijui kwenye mgongo.

"Ehee," alisema. "Hiyo hapo. Haina tatizo. Umeitunza."

Sikuachia. Nilikanyaga vilevile, petroli ikiungua bure uani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue lile gari nilitamani ningelichukua la dizeli.